Nani Kafa Hapa?

Mama alipanda vipandio viwili vya baraza, kikapu mkononi, akafika mlangoni akasita kabla ya kuvua viatu. Akanusa. Akanusa tena.

"Nani kafa hapa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Karibu, pita."

"Mbona nyumba yanuka karafuu maiti?"

Kwa asiyejua, karafuu maiti ndiyo kafuri, ile inayosagwa ikatiwa kwenye maji ya mwisho anapokoshwa maiti. Mama amekosha maiti wengi wa mtaani, na kwake harufu ile haina maana ya pili. Nami asubuhi nzima nilikuwa nimepuliza kila pembe ya nyumba mafuta ya mti wa chai, nikiringa moyoni kwamba leo atakuta pananukia, wala si ule uvundo alioulalamikia mara ya mwisho. Nikamweleza. Akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja matangani, akaniambia nifungue madirisha.

Uvundo wenyewe ulianza mwezi wa 5, mvua ya mwaka ilipokolea. Anayeishi Mombasa anajua hali huwaje: nguo unaanika asubuhi, unaanua mbio kwa rasharasha, unaanika tena, na usiku zinalala ndani hazijakauka wala hazijalowa. Chumvi inakuwa tope kwenye kikopo chake. Kijiti cha kiberiti unakisugua mpaka kichwa kinapukutika. Hata siku isiyo na tone la mvua, unyevu wa hewa yetu mara nyingi uko juu ya asilimia 70, na koga haiombi zaidi ya hapo.

Naishi nyumba ya chini, Mji wa Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe, mawe yale yale ya Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Siku hiyo nilifungua kabati nitoe buibui la kuendea arusini Bondeni. Mkoba wangu wa ngozi ulikuwa mweupe, kama umenyunyiziwa unga wa muhogo. Nikaupangusa kwa kidole, kidole kikatoka na ute. Buibui lilikuwa na vidoa vya kijivu begani, na kabati zima lilitoa harufu ya kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Kwenye arusi nilivaa la kuazima.

Dawa ya kwanza ilikuwa ile niliyozaliwa nikaikuta. Chetezo, makaa, ubani kidogo, kisha udi, ule wa kupikwa na sukari na marashi ambao mama huutengeneza mwenyewe na hamwambii mtu kipimo. Nilifukiza usiku tatu mfululizo, nguo nimezitandaza juu ya chetezo, dirisha wazi kwa sababu ya moshi wa makaa. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya nne buibui lilinuka udi na koga kwa pamoja. Kiswahili kimetupa kunuka na kunukia, tofauti ni kairabu kamoja tu, lakini hakikutupa neno la kitu kinachofanya yote mawili.

Binamu yangu wa Nyali ndiye aliyeniambia kuhusu mafuta. Yeye ni mtu wa vitu vya asilia, kila chupa nyumbani kwake ina jani kwenye lebo. "Tone kumi kwenye chupa ya kupuliza, jaza maji, puliza. Koga kwaheri." Nikaenda duka la dawa mjini, nikaomba mafuta ya mti wa chai. Kijana akaniletea ya mchaichai. Nikamwambia siyo. Akaniletea kikopo cha dondoo la majani ya chai, la kupaka usoni. Mwishowe mwenye duka akatoka nyuma na kichupa cha rangi ya kahawia, mililita 10, shilingi 750, kimeandikwa "tea tree". Kidogo hivyo, nikadhani amenipa sampuli.

Si kosa la yule kijana. Jina lenyewe linapotosha. Mti huu hauna undugu wowote na chai ya Kericho. Kitaalamu unaitwa Melaleuca alternifolia, kwao ni Australia, upande wa New South Wales na kusini mwa Queensland, na inasemekana jina la chai lilitokana na mabaharia wa James Cook waliofika pwani ile mwaka 1770 wakachemsha majani ya miti ya namna hiyo wakanywa. Wenyeji wa huko, Wabundjalung, walikuwa wakiponda majani yake kwa ajili ya vidonda kabla hata ya mabaharia hao. Katika miaka ya 1920 mkemia wa Sydney, Arthur Penfold, akaonyesha kwamba mafuta yake yanaua vijidudu. Siku hizi hata huku kwetu wapo wakulima wadogo kandokando ya Mlima Kenya wanaoulima mti huu, majani yanakamuliwa kwa mvuke na mafuta yanauzwa ng'ambo.

Nilichokipenda mimi ni ukoo wake. Ni jamaa ya mkaratusi, mpera, mzambarau na mkarafuu. Karafuu yenyewe, ile ya pilau. Karafuu maiti nayo, pamoja na jina lake, si karafuu hata kidogo: hutoka kwenye mti ulio ndugu wa mdalasini. Basi pua ya mama ilikuwa imekosea mti lakini haikukosea harufu, kwa sababu mafuta ya mti wa chai yana ukali ule ule wa kafuri, unaopanda puani na kubaki huko.

Nilifuata maagizo ya binamu. Tone kumi, chupa ya nusu lita, maji ya mfereji. Nikapuliza kabati, nikapuliza mapazia, godoro, viatu, choo, pipa la taka, hata mkeka wa mlangoni. Baada ya muda nikaona kinachotoka kwenye chupa ni maji matupu, kisha ghafla, chupa ilipokaribia kuisha, kikatoka kitu kikali kama pilipili. Mafuta hayachanganyiki na maji, jambo ambalo kila aliyewahi kuosha sufuria ya mchuzi analijua, nami nililisahau kwa sababu tu kichupa kilikuwa kizuri. Yalikuwa yameelea juu muda wote. Lile tui la mwisho likaingia lote kwenye mlango wa kabati, na mahali hapo vanishi ikalainika ikawa inanata. Mpaka leo pana alama ya kiganja.

Halafu nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mwanzo. Tone 20 hivi ni mililita 1. Kwa hiyo tone 10 ni nusu mililita, na nusu mililita ndani ya mililita 500 ni asilimia 0.1. Katika maabara, vijidudu vingi hushindwa na mafuta haya yakifika asilimia 1 au pungufu kidogo. Mimi nilikuwa na sehemu ya kumi ya hiyo asilimia moja, tena ikielea. Yaani nilipata harufu ya dawa bila dawa. Koga ilinusa ikaendelea na shughuli zake.

Siku hizi nikiyatumia nafanya hivi: mililita moja, yaani matone kama 20, natia kwanza kwenye kijiko cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nakoroga, ndipo naongeza maji mililita 100. Sabuni ndiyo inayoyashikanisha. Hata hivyo hujitenga yakikaa, kwa hiyo natikisa kila mara. Sipulizi hewani. Napangusia: rafu ya viatu, ubao wa ndani wa kabati baada ya kuusugua, mfuniko wa pipa, mpira wa mlango wa mashine ya kufulia. Hapo kweli nimeona kazi yake, hasa kwenye rafu ya viatu, maana kijana wangu hucheza mpira na viatu vyake vilikuwa na historia. Harufu ya viatu ni kazi ya bakteria wanaokula jasho, na bakteria hao mafuta haya yanawaweza. Kichupa chenyewe kinakaa kabatini kwenye giza, kizibo kimekazwa, kwa sababu yakipigwa na hewa, mwanga na joto huharibika na kuwa makali zaidi kwa ngozi. Nimewahi kuyashika bila kuyachanganya, vidole vikaniwasha siku mbili.

Kuhusu mkeka wa mlangoni sijasema.

Mji wa Kale una paka kama ulivyo na vichochoro. Yupo mmoja wa rangi ya majivu, hana mwenyewe, ila alasiri hulala kwenye mkeka wangu na sijawahi kumfukuza. Nilipoona maji hayafanyi kitu nilichukua kichupa nikadondosha mafuta matupu kwenye ule mkeka, tone saba au nane, kwa kuwa ulikuwa unanuka mvua. Baada ya magharibi nikasikia kitu kinagonga mlango. Paka alikuwa anajaribu kusimama. Miguu ya nyuma ilimkatika kama mlevi, mate yakimchuruzika, kifua kizima kimelowa. Nilidhani amekula sumu ya panya ya jirani. Nikampigia daktari wa mifugo, akaniuliza maswali mawili, la pili likiwa: "Una mafuta ya kunukia yoyote nyumbani?"

Paka hujilamba. Chochote kinachogusa manyoya yake kinaishia tumboni mwake, na ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunjavunja kemikali za namna hii. Aliniambia nimkoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, nimsuuze sana, nimfunge taulo apate joto, kisha nimpeleke. Nilimkosha ndani ya beseni la kufulia huku kijana wangu amemshika kwa glavu za oveni. Alitukwaruza sote wawili. Alilala zahanati usiku mmoja na kesho yake mchana akala dagaa. Malipo yake sitayataja, ila kwa fedha hizo ningenunua udi wa kufukiza mwaka mzima.

Binamu yangu nilipomweleza alisema, "Lakini ni ya asilia." Muhogo mchungu nao ni wa asilia, na watu wameufia. Mafuta haya hayanywewi kabisa. Mtoto akimeza hata kidogo anaweza kulewa akapoteza fahamu. Ikiwa nyumba yako ina paka, mbwa au mtoto anayetambaa, usiyaache matupu mahali popote wanapofika. Mkeka ule niliutupa.

Wiki hizo nilikuwa nimeshachokozeka, nikaanza kuifuata kila harufu mpaka kwake. Bafu la wageni lilikuwa linanuka shimo. Nilikuwa nimemimina humo mafuta na maji ya moto, nikakaribia hata kumimina jiki na siki pamoja, kitu ambacho kingenifungia pumzi kwa hewa ya klorini. Fundi wa bomba akaja, akainama, akaomba jagi la maji. Akalimimina kwenye tundu la sakafu. Basi. Chini ya tundu pana mkunjo wa bomba unaotakiwa kubaki na maji muda wote yazuie hewa ya shimo isipande. Bafu halikutumika tangu Ramadhani, maji yakakauka. Alikataa malipo, akanywa chai akaenda zake.

Shombo ndiyo iliyonifundisha kwa nini mama hakuwahi kuhitaji kichupa. Siku ya kupika papa nilijaribu kupangusa meza ya jikoni kwa mchanganyiko wangu. Jiko likanuka samaki aliyelazwa hospitali. Mama akatoka uani na nusu ya ndimu iliyokwisha kukamuliwa, akasugua ubao, akasugua kisu, akasugua vidole vyake hadi kwenye kucha, akasuuza. Kwisha. Sababu yake ni rahisi ukiijua. Shombo kwa sehemu kubwa ni trimethilamini, gesi ya upande wa alikali inayotoka samaki anapoanza kuharibika. Asidi ya ndimu ikikutana nayo huigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani, na kisichoruka hewani hakikufikii puani. Siki hufanya kazi hiyo hiyo. Maziwa yaliyochacha ndani ya friji ni kinyume chake, harufu yake ni ya asidi, kwa hiyo hapo sahani ya bekingi soda ndiyo inayofaa. Mafuta ya mti wa chai hayamo katika mchezo huo kabisa. Yanaua baadhi ya vinavyozalisha harufu. Harufu iliyokwisha kutoka hayaigusi, yanaifunika tu, sawa na udi, isipokuwa udi unanukia vizuri zaidi. Hilo la mwisho ni maoni yangu na sitayabadilisha.

Ikabaki kabati. Nililisugua kwa sabuni, nikalipangusa kwa mafuta ya kipimo sahihi, nikaliacha wazi siku mbili. Nguo nilizifua zote kwa maji ya moto na siki. Wiki tatu koga haikuonekana. Wiki ya nne nikafungua mlango nikaipata tena, hafifu, kama mtu anayepiga hodi.

Ndipo nikamwita kijana tulivute kabati. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umevimba. Rangi imefanya malengelenge, nayo ukiyabonyeza yanamwaga unga mweupe wa chumvi, na kutoka sakafuni mpaka kiunoni pamekuwa peusi. Nilikuwa nimeua koga ya mbao wakati shamba lake liko vidole viwili nyuma.

Aliyekuja kuuona ni mzee mmoja fundi wa chokaa, wa zamani, ambaye kwanza aliuliza mama yangu ni nani, kisha akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama anayechagua dafu. "Nani aliyepiga saruji hapa?" Mwenye nyumba, nikamwambia, mwaka juzi, alisema chokaa inapukutika, imepitwa na wakati. Mzee akacheka bila furaha. "Kaiziba nyumba pua."

Akanieleza huku akikwangua. Jiwe la matumbawe lina matundu, linanyonya maji kutoka ardhini kama andazi kwenye chai. Waliojenga hawakuwa wajinga, walijua litanyonya, ndiyo maana wakalipaka chokaa, kwa sababu chokaa nayo inapumua: maji yanapanda, yanafika usoni mwa ukuta, upepo unayakausha. Ukilipaka saruji maji yanapanda yale yale lakini hayana pa kutokea. Yanazidi kupanda, yanabeba chumvi, yanatokea popote patakapopasuka, nawe unaweka kabati hapo mbele ili hata upepo kidogo uliopo usipite. Alisema kupukutika kwa chokaa ndiyo kazi yake. Chokaa hufa ili jiwe lipone, unaipaka tena baada ya miaka.

Na mwenye nyumba tulivutana karibu mwezi mzima. Alianza kwa kusema nafungua madirisha wakati wa mvua. Akaja kusema siyafungui vya kutosha. Mwishowe akakubali kazi ya chokaa ikatwe kwenye kodi, nusu yangu nusu yake, na nikakubali kwa sababu mvua ya vuli haingesubiri tukubaliane. Saruji ilikwanguliwa mpaka juu ya kiuno, ukuta ukaachwa uchi wiki saba, kusi ikiingia dirishani kila siku na kuupuliza. Nilikuwa nikirudi kazini naubandika kiganja kuona kama umepoa au umekauka. Siku ya kupaka chokaa nyumba ilinukia mvua inayoanza kunyesha juu ya vumbi.

Sasa kabati limesogezwa shubiri moja kutoka ukutani, na mchana milango yake naiacha wazi. Ndani nimetundika kikuba alichosokota mama, asumini na rihani, ambacho kimeshakauka lakini sijakitoa. Mkoba wa ngozi haukupona. Paka wa majivu amerudi, analala kwenye mkeka mpya, na akiniona nimebeba chupa yoyote, hata ya maji, anaondoka.

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja kutoka kwa mama, ana kichupa tupu cha marashi ndani ya mfuko wa sare. Bibi kamtuma. Mashine yake ya kufulia mpira wa mlangoni umeota weusi na ndimu haukusikia.

"Kasema umtilie ile ya maiti," akaniambia. "Na kasema nisimwambie mtu."